Kivuli cha Mwembe ni cha Nani?

Mu vitabu vya namna hii wengi wanaandika juu ya ndoa, kilio na majina ya mababu. Sisi tunaomba nafasi ya kusema juu ya jambo ndogo: joto la mwezi wa kumi, kuku, na mwembe mmoja ulio mu lupango yetu huku Katuba. Jambo ni ndogo, lakini lilituletea swali kubwa. Kitu kilicho ndani ya lupango yangu, ni changu peke yangu?

Kila mtu wa Lubumbashi anajua majira yetu. Mwezi wa sita na wa saba baridi inatuuma, kila mtu anasogelea mbabula. Halafu mwezi wa tisa jua linaamka, na mwezi wa kumi, mbele mvua ianguke, ndani ya nyumba za manjanja hakukaliki. Matofali ya ukuta yanakunywa joto mchana kutwa, na usiku bado yanalitoa. Watoto wanaamka wamechoka kuliko walivyolala.

Mwaka mmoja, siku za namna ile, sisi tulikosa. Tulikuwa na kuku saba. Juu ya kuogopa wezi, tuliwafungia mu kibanda cha manjanja chenye dirisha moja ndogo, upande jua linaposhukia. Tukaenda kufundisha. Tuliporudi, watatu walikuwa wamekufa midomo wazi, na bakuli la maji lilikuwa kavu. Jirani mmoja akatuambia: "Mwalimu, hii haiko bugonjwa. Njo weye ulibaua." Tulikasirika, lakini alisema kweli. Kuku hatoki jasho. Mwili wake una joto la digrii karibu 41 hata akiwa muzima. Joto likizidi anafungua mdomo, anahema mbio mbio, anatenga mabawa na mwili. Ndiyo njia yake ya kujipoza. Akikosa maji na upepo, njia ile imekatika. Ni kweli, kuku wanakufa pia kwa ugonjwa wa Newcastle, na kinga yake ni chanjo. Tusiseme kila kifo ni joto, wala kila kifo ni mulozi. Lakini wale watatu waliuawa na mlango ambao tulifunga sisi wenyewe.

Tuliwaza sana juu ya mlango ule. Kuku akiachwa huru anajitafutia kivuli, hakuna mtu anayemfundisha. Tukimfunga, kazi ile aliyokuwa anajifanyia inakuwa yetu. Basi kuwa na kiumbe si kuwa na haki juu yake tu; ni kuingia mu deni lake. Na yeye hawezi kutukumbusha deni lile kwa maneno.

Tulihamisha kibanda chini ya mwembe. Ukuta mmoja wa matofali, pande zingine fito na waya ili upepo upite, na nyasi juu ya manjanja. Maji tunaweka mu chungu cha udongo, tunayabadilisha asubuhi na saa sita. Lenga-lenga tunaimwangilia mapema au jua likishuka, na udongo wake tunaufunika na nyasi kavu ili maji yasipotee bule. Nyumbani tunafungua madirisha usiku, mchana tunashusha mapazia. Lakini tuseme kweli: nusu ya kazi hiyo inafanywa na mwembe.

Mwembe ule ulipandwa na baba yetu marehemu. Kisha kuzika, ndugu yetu mdogo akaja na hesabu: "Yaya, ile muti inakula nafasi bule. Tuikate, tujenge byumba mbili ya kupangisha, batoto basome." Hesabu yake ilikuwa sawa. Mshahara wa mwalimu munaujua. Hata makala ya muti ule peke yake yangelipa kitu.

Tungeweza kujibu: lupango ni yetu, tutafanya tunavyotaka. Lakini hata sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema udongo ni wa Serikali, raia anapewa haki ya kuutumia. Wazee walisema karibu hivyo bila karatasi: udongo ni wa waliokufa na wa watakaozaliwa, sisi tulio hai tunauchunga tu. Wabemba na Walamba walikuwa na nsaka, kibanda cha nyasi kisicho na kuta, pahali wanaume walikula pamoja, wakasemezana, wakafundisha vijana. Nsaka haikufungwa na kufuli. Leo mu Katuba kila lupango inainua ukuta, lakini mwembe wetu ulibakia sawa nsaka. Watoto wa avenyu wanasomea pale. Asubuhi kivuli chake kinavuka ukuta kwenda kwa jirani mmoja, mangaribi kinakwenda kwa mwingine. Kuukata ni kukata kitu cha watu ambao hatukuwauliza.

Mtu atasema: mtoto akikosa shule, kivuli kitamfaa nini? Hatuna jibu la kumshinda. Tulijenga chumba kimoja, nyuma ya nyumba, tukapunguza matawi mawili, muti ukabakia. Ndugu yetu alinuna miezi mingi, na mtoto wake mmoja alingojea mwaka mzima mbele ya kuingia masomo makubwa. Deni hilo pia tunalibeba. Tena hatuwezi kujisifu, juu jikoni kwetu tunapikia makala kama kila mtu, na kila gunia ni muti uliokatwa mu pori inayozunguka muji. Kivuli tulichokilinda nyumbani, tunakichoma kule.

Kwa hiyo hatuambii mtu: usikate. Tunasema hivi: mwenye kukata, kwanza aulize wale ambao kivuli kinawafikia, na apande mwingine mbele ya kuinua shoka. Mwenye kufunga kuku, aingie yeye mwenyewe mu kibanda kile saa nane ya mchana, akae kidogo. Akishindwa kukaa, ajue kuku naye ameshindwa. Baba yetu alipanda mwembe ule akiwa amekwisha kuzeeka, na kivuli chake kikubwa hakukikalia. Sisi tuko chini yake leo.