Samaki Hawezi Kutoroka

Nianze na swali lenyewe, nisiwazungushe. Ukimtoa kiumbe kwenye maji yake ukamweka kwenye maji yako, unadaiwa nini naye? Na deni hilo unaweza kulilipa kwa maji ambayo jirani yako anayatafuta na dumu kichwani?

Tabora ni mahali pazuri pa kuuliza swali hili, maana mji wenyewe ulikuzwa na njia, na njia ile ilitawaliwa na maji. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikakata Ugogo, ikaingia Unyanyembe, kisha ikagawanyika: wengine kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, wengine magharibi hadi Ujiji. Soma habari za Burton na Speke, waliofika Kazeh mwaka 1857, au za Stanley aliyekaa Kwihara mwaka 1871, uone maji yanavyotajwa kila mara. Huko Ugogo yalilipiwa hongo ya nguo na shanga. Kiongozi aliyewapeleka watu wake kwenye ukame bila hesabu alijua kitakachofuata: asubuhi anaamka, mizigo ipo, wapagazi hawapo. Mnyamwezi wa kuajiriwa alikuwa na hoja hiyo moja ya mwisho, kutoroka. Waliofungwa minyororo hawakuwa nayo, na mateso yao siyafanyi mfano wa samaki. Ninachochukua kwenye historia hii ni jambo dogo tu: mwenye madaraka juu ya maji hubanwa kidogo na uwezo wa mtu kuondoka.

Samaki wa kwenye tangi la kioo haondoki.

Jamaa yangu mmoja pale mjini ana tangi la lita 600 sebuleni, na ndani yake samaki wa mapambo wa kutoka Kigoma. Wazuri kweli kweli. Kuna wanaolea watoto wao mdomoni, kuna wadogo wanaofanya makazi ndani ya makombe matupu ya konokono. Ziwa Tanganyika lina umri wa mamilioni ya miaka na kina cha karibu mita 1,470. Maji yake yana madini mengi, pH yake inakaribia 9, na hayabadiliki ovyo. Viumbe waliozaliwa katika utulivu wa namna hiyo hawakuwahi kuwa na sababu ya kujifunza kuvumilia mabadiliko ya ghafla.

Siku moja samaki wakaanza kupanda juu kutafuta pumzi. Maji yalikuwa meupe pee! Wageni waliyasifia. Kumbe sumu yenyewe haina rangi. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia. Bakteria wanaoishi kwenye sponji la filta huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu pia, kisha kuwa nitrati, ambayo ina nafuu. Bakteria hao huchukua wiki kadhaa kuongezeka hadi watosheleze tangi jipya, na mwenye tangi hana wiki kadhaa za uvumilivu. Anataka kuona samaki leo.

Sasa sikiliza hili, ndilo lililonifanya niandike. Ili kuwafanyia wema samaki wa Tanganyika, jamaa alikuwa anapandisha pH kwa soda ya kupikia. Sawa kabisa, ndiyo maji waliyoyazoea. Lakini ukali wa amonia hufuata pH. Kwenye joto la nyuzi 25 na pH 7, sehemu isiyofika 1 kati ya 100 ya amonia ndiyo huwa katika hali yake ya sumu kali. Kwenye pH 9 sehemu hiyo hufika kama 36. Uchafu uleule, tangi lilelile. Ukimrudishia kiumbe nusu ya nyumbani kwake, umemwongezea hatari usipomrudishia na nusu ya pili, yaani ukubwa wa ziwa unaomeza uchafu wote bila kutetereka.

Na mwenye tangi akishtuka hufanya nini? Anasafisha. Anamwaga maji yote, analisugua sponji bombani mpaka ling'ae, na klorini ya bomba inawaua wale bakteria waliokuwa wanafanya kazi kimyakimya. Kioo kinapendeza, samaki wanakufa. Nadhani hapa pana kosa la kimaadili kabla ya kuwa kosa la kikemia: usafi umepimwa kwa jicho la mtazamaji, wakati anayeyavuta maji kwenye mashavu yake ni mwingine.

Dawa yenyewe haina mbwembwe. Punguza chakula. Badilisha robo ya maji kwa wiki, maji ambayo klorini yake imeshaondolewa. Sponji lisuuze kwa maji ya tangi lenyewe. Weka pampu ya hewa ya betri, maana umeme ukikatika usiku kucha, bakteria nao hukosa hewa. Basi.

Ila robo ya lita 600 ni lita 150. Hiyo ni madumu saba na nusu kila wiki, katika mji ambao bado wapo wanaohesabu madumu. Jamaa ana jibu: maji ya zamani anamwagia mchicha, na nitrati ni mbolea. Jibu zuri, ila ile soda inaacha sodiamu, na udongo ukinyweshwa sodiamu miezi na miezi huharibika. Mimi sikubali kwamba kila anasa ni dhambi. Hata maua ya uani yanakunywa. Lakini anasa hii ina mdomo, haiwezi kufungwa wiki yenye mgao.

Halafu kuna kichekesho cha jiografia. Mito ya Tabora, Igombe na Ugalla, huingia Malagarasi, na Malagarasi huishia Tanganyika. Ila miaka hii bomba linaleta maji ya Ziwa Victoria, maji ya bonde la Nile, yenye madini machache mno kuliko ya Tanganyika. Samaki wanaofaa maji hayo bila soda ni furu wa Mwanza. Na furu wana kisa chao: sangara alipopandikizwa Victoria, aina nyingi za furu zilitoweka katika miaka ya 1980, na baadhi hubaki hai leo kwenye matangi ya wafugaji na taasisi za ng'ambo. Kwa hiyo anayesema kila tangi ni jela amesema haraka mno.

Kwa nini basi asiwarudishe wa Kigoma ziwani? Hapana. Aina moja ya samaki hao hubadilika rangi kutoka mwambao hadi mwambao, na jamaa hajui wake walivuliwa mwambao upi, wala wamebeba maradhi gani. Baadhi huishi zaidi ya miaka kumi. Jamaa ameacha kununua wengine, na madumu yanaendelea kujazwa kila Jumamosi.