Kiti cha Afande

Mwezi Mei 2023 nilikwenda New York kumwona binti yangu, ambaye ni muuguzi huko, na wajukuu zangu wawili ambao Kiswahili chao kinachechemea kama mimi ninavyochechemea siku hizi. Siku moja ya mapumziko yake alinipeleka kwenye jumba kubwa la makumbusho la Metropolitan, katika barabara ya Fifth Avenue. Nilikuwa nimesoma habari za jumba hilo tangu nikiwa mwanachuo, na nilitazamia kuona michoro na sanamu za Wamisri wa kale. Nikaviona, tena vizuri. Lakini jambo lililonikalia moyoni tangu siku ile sikulikuta ndani. Nililikuta nje, chini ya ngazi, kwenye mkokoteni wa kuuzia soseji.

Mikokoteni ilikuwa mingi, imejipanga kando ya barabara yenye miavuli na moshi wa nyama. Katika mmoja nilimwona kijana mwenye asili ya Misri akichoma, akipokea fedha, akifuta meza, akiwaita wateja, yote kwa mikono miwili. Kando yake, juu ya kiti cha kukunja, alikaa mzee mmoja Mmarekani wa rika langu, amevaa kofia yenye maandishi ya vita vya Vietnam, mguu mmoja ameunyoosha mbele usiokunjika. Hakuwa akifanya lolote. Nilimwuliza binti yangu yule mzee ni nani. Akanijibu, "Baba, huyo ndiye leseni."

Nilidhani ananitania. Kumbe alikuwa akinieleza sheria ya jiji kwa maneno matatu.

Naomba msomaji anivumilie nieleze jambo hili kidogo, kwa sababu bila kulijua hatutaelewana mbele. Mwaka 1894 jimbo la New York lilitunga sheria ya kuwaruhusu askari waliotoka vitani kuuza bidhaa barabarani. Vita vilivyokuwa vikikumbukwa wakati ule ni vile vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, vilivyoacha maelfu ya watu bila mkono au mguu. Pensheni za askari hao zilikwisha kuwa mzigo mkubwa sana kwa serikali ya shirikisho. Jimbo, kwa upande wake, likatoa kitu ambacho hakikuligharimu sana: ruhusa ya kusimama mtaani na kuchuuza. Askari huenda kwa karani wa kaunti na hati zake za jeshi, akapewa leseni bila malipo.

Baadaye jiji likajaa wachuuzi. Mwaka 1979 leseni za wauza bidhaa za kawaida zikawekewa kikomo cha 853 kwa watu wasio askari wa zamani. Mwaka 1983 ikaja zamu ya wauza chakula: vibali vya mwaka mzima kwa jiji lote vikafungwa kwenye 3,000. Jiji lenye watu zaidi ya milioni saba, vibali 3,000! Vingine vichache vikatengwa kwa askari wa zamani na walemavu. Tena kuna vipimo. Mkokoteni usiwe karibu na mlango wa jengo kwa futi 20, usiwe karibu na kivuko cha waendao kwa miguu kwa futi 10, na njia yenyewe iwe na upana wa futi 12 angalau. Ukikosea, faini. Mitaa mingi ya katikati ya mji imefungwa kabisa kwa mchuuzi wa kawaida, lakini askari aliyelemaa, kwa nguvu ya sheria ya jimbo, anaweza kusimama mahali ambapo wenzake hawathubutu.

Hapo mbele ya jumba la makumbusho, idara ya bustani za jiji ilikuwa ikikodisha nafasi kwa mnada. Kuna mfanyabiashara aliyeahidi kulipa zaidi ya dola 600,000 kwa mwaka kwa nafasi za pande mbili za ngazi. Nimeandika hesabu hiyo kwa uangalifu, maana mimi mwenyewe sikuamini nilipoisoma. Biashara ya soseji haikuweza kubeba kodi hiyo, na mwaka 2009 akaondolewa. Kabla ya hapo walikwisha fika askari walemavu na mikokoteni yao, wakisema kwamba wao hawadaiwi hata senti, kwa kuwa walikwisha kulipa. Mivutano yao na jiji ikafika mpaka mahakamani.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Mahali ambapo mtu mmoja aliahidi mamia ya maelfu ya dola, mwingine anakaa bure kwa sababu ya mguu wake. Wenye mitaji hawakuchelewa kuliona hilo. Wakaanza kuwatafuta askari walemavu, wakawapa ujira wa siku wakae kando ya mikokoteni. Sheria inataka mwenye haki awepo mwenyewe. Basi yupo. Amekaa.

Magazeti ya huko yaliwaita askari wa kukodi, na kwa muda nami nililitumia jina hilo bila kufikiri.

Nilinunua soseji, ingawa daktari wangu asingefurahi, nikasogea kwa yule mzee. Wazee wawili hawahitaji kutambulishwa sana. Tulianza na magoti, tukaja kwenye hali ya hewa, kisha nikamwuliza kama mkokoteni ni wake. Akacheka. Alisema mkokoteni una uzito wa kumshinda punda, na kila usiku ni lazima upelekwe kwenye ghala la kuoshea, alfajiri urudishwe. "Ningeusukuma kwa nini?" akasema, akaugonga mguu wake kwa fimbo. Ukatoa sauti ya plastiki.

Jibu lile lilinifunga mdomo, kwa kuwa lilikuwa na hoja ambayo sikuwa nimeipima. Sheria ilimpa haki kwa sababu hana mguu. Kisha ikamtaka aitumie haki hiyo katika kazi inayohitaji miguu. Basi hawezi kuitumia pasipo mwingine. Na huyo mwingine hatafanya kazi ya bure. Kutoka kwenye msaada halali mpaka kwenye udanganyifu ni hatua ngapi? Ni pale mlemavu anapopata nusu? Robo? Ni pale mkokoteni unapokuwa wa mwingine? Mkaguzi mwenye futi mkononi anaweza kuupima umbali wa mlango, lakini hili hana kipimo chake.

Sababu ya swali hili kuniuma ni kwamba mimi niliwahi kulijibu, tena haraka sana.

Mwaka 1988 nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu kimoja huku kwetu Tanzania, mwaka wangu wa tatu katika kazi hiyo. Langoni palikuwa na kibanda cha chai na maandazi. Bodi ya chuo, kwa pendekezo langu mwenyewe, ilimpa kibanda hicho bila kodi mtu mmoja aliyepoteza mguu katika vita vya Kagera, vile vya 1978 na 1979. Wanachuo walimwita Afande. Nilijisifu kwa uamuzi ule. Nilihutubia paredi ya asubuhi juu ya shukrani ya taifa, na nadhani nilihutubia vizuri.

Baada ya miezi michache niligundua kwamba unga, sukari na kuni vilikuwa vya mfanyabiashara mmoja wa mjini. Wapishi walikuwa wake. Mapato yalikwenda kwake. Afande alikuwa akikaa kwenye kiti karibu na dirisha, magongo yake yameegemezwa ukutani, na jioni akipewa chochote. Wakati huohuo, nje ya lango, juani, alikuwepo mama ntilie mmoja mjane, mwenye watoto wanne, ambaye alikwisha kuniomba kibanda kile mara mbili, nami nikamjibu kwamba kimetolewa kwa shujaa.

Nilimwita Afande ofisini. Hakukana. Alisema, "Mwalimu, siwezi kusimama jikoni. Mimi nilipewa kibanda, huyu bwana ana unga. Tumekutana." Nikamwambia kwamba alipewa akitumie, hakupewa akikodishe. Akaniuliza kama pensheni yangu, nitakapostaafu, nitaulizwa naitumia vipi.

Sikuwa na jibu, lakini nilikuwa na madaraka. Wiki ile ile nilikifunga kibanda, na mwezi uliofuata nikampa yule mjane. Kwa haki kabisa, aliendesha vizuri, na mmoja wa watoto wake ni mwalimu leo.

Kwa hiyo msomaji asidhani nasimulia habari ya jiji la mbali ili kuwacheka wenye nalo. Swali la Afande ndilo swali lenyewe. Tunapompa mtu fursa kwa sababu ya alichopoteza kwa ajili yetu, tunampa kitu cha namna gani? Kama ni malipo ya deni, basi ni mali yake. Mdaiwa hana ruhusa ya kumfuata mdai nyumbani na kumwuliza fedha ameifanyia nini. Kama ni nyenzo ya kumrudisha kazini na kwa watu, basi mwenye kuitoa anaweza kudai itumike kwa kazi hiyo. Watunga sheria wa 1894 sidhani kama walijiuliza, nami katika hotuba yangu ya paredi nilichanganya yote mawili: nilimtolea kama deni, nikamnyang'anya kama nyenzo.

Lakini kuna mtu wa tatu, na huyu ndiye anayenizuia nisimpe Afande ushindi wote. Ni yule aliyesimama nje ya lango. Taifa zima lilipelekwa vitani, taifa zima lilinufaika, lakini deni likalipwa kwa kibanda ambacho mjane mmoja alikihitaji. Na kule New York hali ni hiyo hiyo: shukrani ya jimbo zima hulipwa kwa nafasi ya mita chache ambayo anaikosa mhamiaji mwenye watoto. Kwa kuwa vibali vilikuwa 3,000 tu, kibali kilicholipiwa jijini dola 200 kwa miaka miwili kilikuja kukodishwa kwa siri kwa dola 20,000 na zaidi. Yule kijana wa Kimisri, kama asingekaa na yule mzee, angekaa na nani? Wanyonge wawili walifungwa nira moja na watu ambao wenyewe hawakutoa kitu. Ni rahisi kuwa mkarimu kwa kiti cha jirani.

Mwaka 2021 baraza la jiji hilo lilipitisha sheria ya kuongeza leseni mpya, takriban 400 kila mwaka kwa miaka kumi, na kumtaka mwenye leseni awepo mwenyewe kwenye mkokoteni. Kwa wale mabwana waliokuwa wakikodisha vibali wakiwa wamelala nyumbani, ni dawa nzuri. Kwa mtu mwenye mguu wa plastiki, sharti la kuwepo peke yake halithibitishi kitu, kwa sababu kuwepo ndilo jambo pekee analoliweza bila msaada. Ningekuwa mshauri wao, jambo ambalo hakuna aliyeniomba, ningesema: mwacheni awe na mbia, lakini kwa mkataba ulioandikwa na kusomwa mbele ya ofisa, wenye fungu la mlemavu lisiloshuka chini ya kiasi fulani, na jina la mpishi nalo liandikwe. Kilichoharibu ubia wa Afande na yule bwana wa mjini ni kwamba ulikuwa wa siri, na ulikuwa wa siri kwa sababu mimi nilikuwa nimeukataza kabla sijauona. Kama ningewaita wote wawili mezani, huenda Afande angepata nusu badala ya "chochote". Mjane tungemjengea kibanda cha pili. Chuo kilikuwa na matofali, na kilikuwa na wanachuo mia kadhaa wenye mikono.

Yule mzee wa mkokoteni nilimwuliza swali la mwisho, swali ambalo kwa haya sikumwuliza Afande. Nilimwuliza kama haoni aibu kukaa tu. Hakukasirika. Alisema watu wa makumbusho wanamjua, walinzi wanamsalimu, watoto wa shule wanamwuliza choo kiko wapi, na kwamba nyumbani kwake hakuna wa kumwuliza kitu. Kijana wa Kimisri alimletea chai bila kuambiwa, akaiweka upande wa mkono mzima.

Nilirudi na binti yangu kwa treni nikiwa kimya, akadhani nimechoka.

Siku Afande aliporudisha ufunguo wa kibanda, alisimama mlangoni mwa ofisi yangu kwa magongo, hakukubali kukaa. Aliuweka mezani pamoja na kitambulisho chake cha kuingilia langoni. Kisha akaniomba kitu kimoja. Aliomba aruhusiwe kuondoka na kile kiti cha pale dirishani, kwa kuwa kilikwisha kumzoea mgongo. Kiti kilikuwa mali ya chuo, kina namba ya chuo nyuma kwa rangi nyeupe. Nilimwambia hivyo, na nikampa stakabadhi ya ufunguo.