Mwamuzi akikosea, je, ana hatia?



Kila mmoja wetu amekwisha kuona mchezo ukiharibika kwa sababu ya neno moja la mwamuzi. Sisi wenyewe, tulipokuwa wanafunzi, tuliona siku moja watu wazima, baba za watoto, wakimfukuza mwamuzi mpaka kwenye majani marefu nyuma ya kiwanja. Kosa lake lilikuwa nini? Alisema mpira umetoka nje, nao walisema haukutoka. Jioni ile tulicheka sana. Leo hatucheki tena, maana tumejiuliza: mtu yule alikuwa na hatia gani? Na kama yeye hakuwa na hatia, hatia ilikuwa ya nani?

Ili tujibu vizuri, tutachukua mfano wa mbali, ambamo hatuna ndugu wala timu ya kuipendelea. Twende Marekani, katika jimbo la Illinois, kwa waamuzi wa besiboli wa shule za sekondari. Tumechagua mchezo huo kwa sababu ndani yake mwamuzi hawezi kukaa kimya. Katika mpira wa miguu anaweza kukimbia dakika kadhaa bila kupiga filimbi. Katika besiboli anadaiwa neno karibu kila mara mpira unaporushwa.

Tazameni kazi yenyewe. Mrushaji husimama mita 18 hivi mbele ya mpigaji, akatupa mpira mdogo mgumu. Mpigaji ameshika gongo. Nyuma yake amechutama mdakaji, na nyuma ya mdakaji amesimama mwamuzi, amevaa kinyago cha chuma usoni. Chini mbele yao kuna kibao cheupe, upana wake sentimita 43. Mpigaji asipoupiga mpira, mwamuzi ndiye wa kusema: umepita juu ya kibao, kati ya magoti na kifua cha mpigaji, au umepita nje? Mipira mitatu ya haki ikimpita, mpigaji anatolewa. Minne mibaya, anapewa kituo cha kwanza bure. Mrushaji mwenye nguvu hufikisha mpira pale kwa muda usiotimia nusu ya sekunde. Na siku ya mchezo mmoja mwamuzi hutoa neno hilo mara mia hivi, jua likimwaka au upepo wa baridi ukimpiga. Tena viko vituo vitatu vingine uwanjani, kila kimoja mita 27 toka kwa mwenzake, na michezo mingi ya shule ina waamuzi wawili tu wa kuviangalia vyote.

Ni mtu gani atafanya kazi hiyo bila kukosa hata mara moja? Hayupo. Basi kama kukosa hakuepukiki, tutasemaje kwamba mwamuzi ana wajibu? Hapo ndipo penye fundo.

Wajibu huanza kabla ya mchezo

Sisi twasema hivi: wajibu wa mwamuzi hauanzi pale mpira unaporushwa. Unaanza zamani kabla yake, siku aliyokubali kuamua.

Watu wa Illinois wameelewa jambo hilo. Chama cha shule za sekondari za jimbo lao kilianzishwa mwaka 1900, na makao yake yapo Bloomington. Mwaka 1920 wajumbe wa majimbo matano, Illinois likiwa mojawapo, walikutana Chicago, na mkutano ule ukazaa shirika la taifa zima linalotunga sheria za michezo ya shule. Leo mtu akitaka kuamua michezo hiyo katika Illinois, hatoshi kusema kwamba aliucheza ujanani. Lazima aandikishwe, maisha yake yachunguzwe kwa usalama wa watoto, afanye mtihani wa sheria, ahudhurie mafunzo. Kuna ngazi tatu za waamuzi, na hapandi mtu ngazi kwa miaka tu: hupanda kwa kufundishwa, kwa mtihani, na kwa kazi iliyoonekana.

Kwa nini taabu hiyo yote? Jimbo hilo ni refu. Kutoka mpaka wake wa kaskazini hadi mji wa Cairo, pale mto Ohio unapoingia katika Mississippi, ni kilometa 600 na zaidi. Ndani yake mna shule karibu 800: za jiji kubwa la Chicago, na za vijiji vilivyozungukwa na mashamba ya mahindi. Kijana wa kijijini akikutana na kijana wa Chicago, mpira wa haki uwe mpira wa haki kwa wote wawili. Mwamuzi mmoja akifuata kitabu na mwenzake akifuata kichwa chake, sheria haipo tena, hata kama wote wawili ni watu wema. Basi kuwakusanya waamuzi na kuwafundisha namna moja si kazi ya karani tu. Ni sehemu ya haki yenyewe.

Na wanafundishwa nini? Mambo ambayo mzee yeyote wa baraza angeyafurahia. La kwanza: simama kwanza, ndipo uamue. Macho ya mtu anayekimbia hurukaruka, humdanganya. La pili: tafuta mahali pa kuonea. Ukiwa karibu mno hukuona, ukiwa upande mbaya hukuona, hata kama macho yako ni mazima. La tatu: pale kituo cha kwanza, tazama mguu wa mkimbiaji ukigusa kituo, na kwa masikio usikilize mpira ukigonga kinga ya mdakaji, maana jicho moja haliangalii pande mbili. La nne: usiharakishe neno. Wazee wetu walisema, haraka haraka haina baraka. Wale wa Illinois hufundishwa maneno hayo bila kujua Kiswahili.

Makosa ya namna tatu

Sasa twaweza kupambanua. Makosa ya mwamuzi ni ya namna tatu, nayo hayalingani.

Kuna kosa la mtu aliyejifunza, aliyesimama mahali pake, aliyetazama kwa moyo wote, na jicho likamkosesha. Huyu hana hatia. Ana masikitiko tu, na masikitiko si hatia. Kuteleza si kuanguka.

Kuna kosa la mtu asiyejifunza. Hakusoma kitabu kipya cha sheria, hakwenda kwenye mafunzo, alikuja kiwanjani na usingizi wa jana. Atasema: «Sikujua.» Lakini hakujua kwa sababu hakutaka kujua. Huyu ana hatia, wala si ya saa ile. Ni ya siku zile zote alipokaa nyumbani akijiita mwamuzi.

Na kuna kosa la tatu, lenye kujificha. Mwamuzi amekosea kweli, na moyo wake wamwambia hivyo. Sasa afanye nini? Anaona huruma kwa timu aliyoionea. Baada ya kitambo anawapa zawadi: mpira mbaya anauita wa haki, ili mizani isawazike. Watu wengi huona huo ni wema. Sivyo. Kosa la kwanza lilikuwa la macho, la pili ni la moyo. Kwanza alikosa bila kujua, sasa anasema uongo akijua. Tena yule kijana anayeadhibiwa sasa hakumkosea mtu. Kwa hiyo waamuzi wazuri hufundishwa hivi: ukikosa, mpira unaofuata uuamue kama wa kwanza wa siku.

Ndugu, tusidhani jambo hilo ni la besiboli tu. Baba aliyempiga mtoto bila haki, kesho akamwachia kosa kubwa ili amtulize. Mzee aliyemhukumu vibaya mjane, safari nyingine akampa mjane yule shamba la mtu mwingine: hao wote wamelipa deni kwa mali isiyo yao.

Kisa cha Detroit

Basi mwenye kukosa alipe kwa nini? Kisa kimoja kitatufundisha. Si cha shule, ni cha wachezaji wakubwa wa kulipwa, lakini waamuzi wengi wa Marekani wanakijua.

Tarehe 2 mwezi wa sita mwaka 2010, huko Detroit, mrushaji Armando Galarraga, mtu wa Venezuela, alikuwa amewatoa wapigaji 26 mfululizo bila hata mmoja kufika kituoni. Alibaki mmoja tu, na mchezo wake ungeitwa mkamilifu, jambo lililotokea mara 20 tu hivi kwa zaidi ya miaka 130. Mpigaji wa 27 alipiga, akakimbilia kituo cha kwanza. Mwamuzi Jim Joyce, mtu wa kazi ya miaka mingi na sifa njema, alisema mkimbiaji ameuwahi mpira. Hakuuwahi. Picha zilionyesha wazi kwamba mpira ulimtangulia.

Galarraga hakupiga kelele. Alitabasamu, akarudi mahali pake, akamtoa mpigaji aliyefuata. Mchezo ulipokwisha Joyce alitazama zile picha, akaona kosa lake. Hakutafuta udhuru. Alikiri mbele ya waandishi wa habari, akamwomba Galarraga msamaha huku akilia, naye akampokea. Kesho yake Joyce alirudi uwanjani kuamua, na Galarraga ndiye aliyemletea karatasi ya majina ya wachezaji, mbele ya watu wote. Wakuu hawakubadili hukumu. Hata leo imeandikwa hivyo. Lakini nani alitoka pale bila heshima? Hakuna.

Tangu mwaka 2014 wachezaji wakubwa wanatumia picha ili kusahihisha hukumu nyingi za namna ile, nalo ni jambo jema. Lakini viwanja vingi vya shule havina picha hizo. Pale kuna mtu na mwenzake, na dhamiri zao.

Na wanaoamuliwa?

Limebaki upande mmoja wa swali. Tumesema mengi juu ya mwamuzi, na wanaokaa pembeni je?

Shirika la taifa la michezo ya shule lilipohesabu waamuzi wake wa michezo yote, liliona kwamba karibu 50,000 walikuwa wameacha kazi tangu msimu wa 2018-2019. Ugonjwa wa Korona ulichangia. Lakini sababu mojawapo iliyotajwa mara nyingi ni matusi ya watazamaji, na hasa ya wazazi. Watu hao kwa kawaida ni walimu, mafundi, wazee wa pensheni. Malipo yao ni madogo. Mtu amekesha akisoma sheria, amesafiri mbali, kisha mama wa mtoto anamtukana mbele ya mtoto. Mwaka unaofuata harudi. Na mahali pengine watoto wameambiwa mchezo umeahirishwa, maana hakuna wa kuuamua.

Hivyo mtu anaweza kuiua haki bila kutoa rushwa hata senti moja. Inatosha kumdai mwamuzi asikose kamwe, na kumwaibisha kila akosapo. Wanyofu watakimbia, maana wao ndio wanaoona aibu. Watabaki wasioona aibu, nao ndio watakaotuamua.

Tukirudi kwa yule mwamuzi wetu aliyejificha katika majani marefu, sasa twaweza kumjibu. Kama alijifunza na kutazama, hakuwa na hatia. Kama hakujifunza, alikuwa nayo, na wale waliompa filimbi bila kumfundisha walikuwa nayo pamoja naye. Lakini wale waliomfukuza walikuwa na hatia kwa vyovyote vile, na sisi watoto tuliocheka tulikuwa tunajifunza kwao.

Basi, wasomaji wapenzi, mmoja wetu akiitwa kuamua, iwe kiwanjani, iwe katika baraza la chefu, iwe nyumbani kati ya watoto wawili wanaogombana, ajifunze kwanza, asimame vizuri, atazame, aseme. Akikosa, akiri, asilipe kwa uongo. Na sisi tunaoamuliwa tumwachie nafasi ya kurudi kesho.