Waipa Hufa Kiangazi

Zuzu, magharibi ya mji wa Dodoma, mvua ikikatika Aprili huweza isirudi hadi Desemba. Miezi yote hiyo nani akumbuke waipa? Mjomba wangu, anayebeba zabibu na saruji kwa kirikuu yake, hakuzikumbuka. Gari lilishinda juani mbele ya nyumba, waipa zimelala kwenye kioo kinachochoma mkono, mipira yake ikakauka kama ngozi ya mbuzi iliyosahauliwa uani. Waipa za huku kwetu hufa kiangazi. Mvua huja kututangazia msiba tu.

Manyunyu ya kwanza yalipokutana na vumbi, kioo kikawa tope. Mpira wa waipa una ukingo mwembamba ambao hulala nyuma ya mwendo: mkono ukienda kulia, ukingo unalala kushoto, mkono ukirudi, nao unageuka. Mpira uliokauka haugeuki. Unarudi umesimama wima, unarukaruka na kuacha michirizi. Mjomba akadhani springi ya mkono imelegea. Akakata kipande cha tyubu ya baiskeli, akaufunga mkono ili uzidi kukikandamiza kioo.

Mkandamizo wa waipa ni jambo la kipimo. Mary Anderson wa Alabama, aliyepewa hataza ya kifuta kioo mwaka 1903, aliuwekea mkono wake uzani wa kuufanya ubaki umegusa kioo. Ukipungua, maji yanabaki. Ukizidi, ukingo unalala chapati na haufuti tena, unapaka. Hata kupumzika kwa waipa kuna maana yake. Miaka ya 1960 Robert Kearns, naye Mmarekani, alibuni waipa inayofuta, ikangoja, ikafuta tena, kama jicho linavyopepesa, kwa sababu kwenye manyunyu waipa isiyopumzika husugua kioo kikavu. Mjomba aliiacha swichi kwenye mwendo wa kasi, mvua iwepo isiwepo.

Siku ya nne mpira ukachanika. Chuma kikabaki kinasaga mchanga kwenye kioo, kikachora upinde mzima mbele ya macho yake. Akaukata ule mpira wa tyubu, akanunua waipa mpya, akaamini yamekwisha.

Anayerudi Zuzu jioni akitoka mjini hupigwa na jua usoni. Wiki iliyofuata mwanga ule uliingia kwenye mikwaruzo, upinde wote ukawaka mweupe. Mjomba hakumwona kijana aliyekuwa akivusha mkokoteni wa punda wenye madumu ya maji. Kijana aliruka. Punda alivunjika miguu.

Gereji, fundi alipitisha ukucha juu ya mkwaruzo, ukucha ukakwama.

“Mzee, ukucha ukishanasa hivi, hapa hapang'arishiki. Ni kioo kipya.”

“Na ule mpira wa waipa ungenigharimu kiasi gani mwezi wa kumi na moja?”

Fundi akamtajia. Mjomba akainama.

Alilipa kioo, akalipa na punda. Kisha akaniomba nimsindikize kwa mama wa kijana, maana familia ile iliishi kwa kuuza maji. Tulipofika, kijana ndiye aliyetoka. “Shikamoo, babu,” akasema. Mjomba alisimama pale mlangoni, kofia mkononi, na ilimchukua muda mrefu kuitikia.