Kicheko Katika Hesabu ya Nafsi

Kila Mwislamu anajua kwamba hana budi kuihesabu nafsi yake. Hadhrat Umar (r.a.) amepokewa akiwausia watu wajihesabu kabla hawajahesabiwa. Lakini mwenye kuketi na daftari usiku wa Alhamisi ili alihesabu juma lake, huandika nini? Aghalabu huandika Sala zilizomponyoka, ahadi asizozitimiza, na pengine sadaka aliyoitoa. Swali langu kwako, ndugu msomaji, ni hili: je, jambo lililompendeza juma hilo, neno la hekima aliloliokota njiani, na lile lililomchekesha, nayo yaandikwe, au ni upuuzi?

Wako watakaosema ni upuuzi. Mimi sikubaliani nao. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliyekwenda kufundisha Kiswahili Berlin mwaka 1900, hakuona haya kuandika mambo madogo ya watu wa kwao: ngoma zao, harusi zao, madeni yao. Maandishi yake yamo katika kitabu Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, na mpaka leo mwenye kutaka kuwajua watu wa Mrima wa zama zile hukiendea. Ikiwa watu wa pwani nzima hujulikana kwa mambo yao madogo, mtu mmoja atajulikana kwa nini kingine?

Nami huwapa wanafunzi wangu, walio mbali na makwao kama nilivyo mimi, kazi ya kuandika mistari mitatu kila juma: nilichokipenda, neno nililolisikia, nilichokicheka. Miwili ya kwanza huja upesi. Wa tatu ndio mgumu, kwa sababu mtu huchagua atakachokisifu, lakini kicheko humtoka kabla hajachagua.

Tazama pwani yetu, toka Kunduchi na Mapinga hata Bagamoyo. Mwanamke akinunua kanga husoma kwanza jina lake, yaani yale maneno yaliyochapwa. Maneno hayo huenda yakawa dua, au shukrani kwa mama. Pia huenda yakawa kijembe, akaivaa siku jirani yake anapopita, mashoga wakacheka. Akiulizwa, atasema amevaa nguo tu! Hakutamka neno, na mwenzake amekwenda nyumbani na jeraha. Mwenyezi Mungu katika Sura Al-Hujurat amewakataza wanaume na wanawake vilevile wasidharauliane, wala wasiitane kwa majina mabaya. Sioni kwamba neno lililochapwa kwenye nguo limesamehewa.

Utani ni jambo jingine. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na Bagamoyo, mwisho wa njia ya misafara, iliwakutanisha sana. Mtani huweza kuja msibani akamwiga marehemu mwendo wake na kikohozi chake, mpaka wafiwa wacheke huku wanalia. Kisha huyo huyo akashika jembe kaburini. Yamo ya kuchukiza katika utani, nami siyatetei yote. Lakini mtani hutaniwa pia, tena hadharani, na anayemcheka leo atamzika kesho.

Mtume Mtukufu (s.a.w.) alikuwa akifanya mzaha, wala hakusema ila kweli. Imesimuliwa kwamba alimwambia bibi kizee kuwa vikongwe hawaingii Peponi. Bibi alipoondoka akilia, Mtume hakumwacha afike mbali na huzuni yake. Aliagiza aambiwe kwamba ataingia akiwa kijana. Mzaha ule ulikuwa zawadi, na mwenye kuipokea ni yule yule aliyetaniwa.

Kwa hiyo nimewaongezea wanafunzi sharti moja katika mstari wa tatu: kando ya kicheko waandike kama aliyechekwa naye alicheka. Mara nyingi nafasi hiyo huletwa tupu. Nikiuliza sababu, hunijibu kwamba hawakugeuka kumtazama.