Kujificha na Kudanganya

Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba mtu mwema hana cha kuficha. Nimewafundisha walimu kwa miaka mingi, na kila tulipofikia somo la ukweli hakukosekana mwanachuo wa kuuliza: Je, anayejificha si mwongo? Swali hilo ni zuri, na mfano unaonisaidia kulijibu unatoka mbali sana, katika misitu ya kaskazini ya dunia.

Tuichukue nchi ya Ufini. Yapata robo tatu ya ardhi yake ni misitu: misonobari, na miti myembamba yenye magome meupe. Jeshi la huko lina sare za mabaka zilizobuniwa kwa ajili ya msitu huo, zenye rangi za kijani na kahawia zilizovurugwa makusudi ili jicho lisiushike mstari wa bega wala wa kichwa. Theluji ikianguka, askari huvaa meupe. Katika vita vilivyoanza tarehe 30 Novemba 1939, Muungano wa Kisovieti ulipoivamia nchi hiyo, askari wa Ufini walipita msituni kwa ski wakiwa katika mavazi meupe. Wengi wa wavamizi, hasa mwanzoni, walikuwa na makoti ya rangi nzito, wakaonekana kama nzi ndani ya maziwa. Vita viliisha tarehe 13 Machi 1940. Ufini ilipoteza sehemu ya ardhi yake, lakini ilibaki nchi huru.

Je, askari yule aliyelala kimya thelujini alikuwa mwongo? Sheria za vita zinasema hapana. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva ya 1949, katika kifungu chake cha 37 inaruhusu hila za kivita, na kujificha kwa mabaka kumetajwa humo waziwazi. Kifungu hichohicho kinakataza kumuua, kumjeruhi au kumteka adui kwa hiana: kwa mfano, kujifanya unataka mazungumzo chini ya bendera nyeupe, kujifanya umejeruhiwa, au kujifanya raia.

Hebu tuipime tofauti hiyo. Mwenye mabaka anaficha mahali alipo. Hafichi yeye ni nani. Ukikutana naye barabarani, nguo ileile iliyomficha msituni inakutangazia kwamba huyu ni askari. Lakini anayejifanya majeruhi amejificha ndani ya huruma ya mwenzake. Na deni la hiana yake hulipwa na mwingine: kesho majeruhi wa kweli atainua mkono kuomba msaada, naye atapigwa risasi, kwa kuwa mkono ulioinuliwa hauaminiki tena.

Sisemi kwamba vita ni vyema. Aliyeuawa na adui asiyemwona amekufa vilevile, na mama yake hulia vilevile. Nasema tu kwamba hata mahali pabaya kama pale, binadamu wameona pana mpaka, nasi tusio vitani tunauhitaji zaidi.

Mwalimu aliyefiwa akaingia darasani na uso mkavu, hadanganyi. Mzazi anayewaficha watoto wadogo madeni yake, hadanganyi. Wamejifunika tu, na hakuna aliyedhulumiwa. Lakini yuko anayezua msiba ili akusanye rambirambi. Huyo haibi fedha peke yake. Anaiba imani ya mtaa mzima, na mfiwa halisi atakayefuata atapokewa kwa maswali badala ya pole.

Mtu atauliza: na nikiulizwa waziwazi jambo ninaloficha? Hapo, ndugu msomaji, kichaka kimekwisha. Mtoto aliyekua akikuuliza, "Baba, tunadaiwa?", ukimjibu "hatudaiwi" umevuka mpaka. Zimebaki njia mbili za haki: kumweleza, au kumwambia, "Mwanangu, hilo sitakuambia leo." Jibu la pili ni gumu kulitamka, na huenda likamuudhi. Hata hivyo atakwenda zake akijua kwamba lipo jambo asiloambiwa, na kwamba yale uliyomwambia anaweza kuyategemea.