Lubugo na Swali la Sitara

Michael Armitage, mchoraji aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, hachori juu ya kanvasi ya pamba kama wachoraji wengi wa rangi za mafuta. Anachora juu ya lubugo, nguo ya Baganda inayotokana na gome la mti wa mutuba. Gome hubanduliwa msimu wa mvua, likapondwa kwa nyundo za mbao mpaka linalainika na kuwa na rangi ya udongo mwekundu. Mti wenyewe hufungwa majani ya mgomba upate kupona, na baadaye hutoa gome jingine. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huo kuwa urithi wa binadamu wote. Kila anayeandika kuhusu maonyesho ya Armitage huyataja haya, na ni mambo mazuri. Linalonikosesha raha mimi ni jingine. Lubugo ni sanda. Baganda huwafunga maiti wao ndani yake.

Je, ni haki kumchora mtu juu ya sanda? Tena mtu aliye hai?

Naandika kutoka Chebunyo, upande wa chini wa Bomet, pale chai inapoishia na ng'ombe wanapoanza. Picha hizi nimezionea kwenye simu na vitabuni. Maonyesho yenyewe yamekuwa mbali: New York na Venice mwaka 2019, Munich 2020, London 2021. Huko husemwa kwamba nguo ile inabeba utambulisho wa Mwafrika, na hapo ndipo nataka kusimama kidogo, maana neno "nguo ya Kiafrika" linateleza kama sabuni.

Njoo kwenye koito yoyote huku kwetu uangalie. Akina mama wamevaa vitenge sare, na kila mtu anasema wamependeza Kiafrika. Kumbe chapa hiyo ya nta ilianza kama uigaji wa batiki za Java, na kampuni ya Vlisco ya Uholanzi imekuwa ikiitengeneza tangu 1846. Merikani nayo jina lake linajieleza: ilikuja Zanzibar kwa meli kutoka Massachusetts. Bibi zetu Wakipsigis walivaa ngozi zilizonakshiwa shanga, lakini sijaona bibi harusi anayeomba ngozi kwa vile eti ndiyo asili yake. Hata sanda si yetu. Zamani Wakipsigis hawakuwazika wengi wa wafu wao. Waliwapeleka porini, fisi wakamaliza. Kwa hiyo mtu akiniambia lubugo ni sanda ya Mwafrika, nitamuuliza, Mwafrika yupi?

Lakini kuna jambo moja ambalo nguo hizi zote hufanya, ziwe zimetoka Kampala au Uholanzi. Zinasitiri. Ajali ikitokea barabarani, kabla gari la polisi halijafika, utaona mwanamke amefungua leso kiunoni na kumfunika aliyeanguka. Hamjui. Leso hiyo pengine hataidai tena. Mama akishikwa na uchungu njiani, wenzake wanamzunguka na leso zao, zinakuwa ukuta. Naona utambulisho wa nguo uko hapo kuliko kiwandani: katika kazi inayofanya siku mtu anapokuwa hawezi kujifunika mwenyewe.

Sasa turudi kwa Armitage. Novemba 2014, jijini Nairobi, kundi la wanaume lilimvua nguo mwanamke mmoja kwenye steji ya matatu, wakidai amevaa vibaya. Wakarekodi. Video ikazunguka nchi nzima. Tarehe 17 wanawake wakaandamana katikati ya jiji, na maneno "My Dress My Choice" yakawa wito wao. Mwaka uliofuata Armitage alichora picha na kuiita kwa maneno hayo hayo. Mwanamke amelala uchi, ametupa mgongo, na wanaume waliomzunguka tunawaona miguu tu.

Kuna namna ya kuitetea picha hii, na naiheshimu. Video ilimfanya yule mwanamke kichekesho cha dakika mbili. Picha inamtaka mtazamaji asimame na aone aibu. Uso wake hauonekani. Na lubugo yenyewe ina matundu na mishono ambayo rangi haiwezi kuficha, kama kovu. Ukikumbuka kwamba ni sanda, unaweza kusema mchoraji amefanya kile ambacho hakuna mtu pale steji alifanya: ameleta nguo.

Nilimwonyesha fundi wangu wa cherehani, mama mmoja anayeshona sare za shule na vitenge vya harusi. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akatazama mishono kwanza. (Mafundi ni hivyo, hata Paradiso wataangalia pindo.) Halafu akaniuliza, "Mwalimu, huyu msichana aliulizwa?"

Nikamweleza kwamba hiyo si sura yake, kwamba mlalo ule umetoka kwa mchoro wa zamani wa Mhispania Velázquez, wa mwanamke na kioo. Nikamweleza habari za sanda ya Baganda. Akasikiliza vizuri.

"Sawa," akasema. "Lakini hiyo nguo iko chini yake. Si juu yake."

Sijaweza kuliondoa neno hilo kichwani. Sanda inayotandikwa chini ya mtu haijamsitiri. Imekuwa kitanda cha kumwonyeshea. Na Kiswahili hakitusaidii kukwepa, kwa sababu maonyesho yanatokana na kuonyesha. Mchoro ule wa Velázquez una historia yake pia. Mwaka 1914 Mary Richardson, mmoja wa wanawake waliokuwa wakipigania kura Uingereza, aliingia National Gallery jijini London na kuukatakata kwa shoka dogo. Alisema wakati huo alikuwa akipinga kukamatwa kwa kiongozi wao, Emmeline Pankhurst. Miaka mingi baadaye akaongeza kwamba hakupenda vile wanaume walivyokuwa wakiukodolea macho. Simsifu kwa shoka. Nasema tu kwamba swali la fundi wangu si la ushamba wa kijijini.

Wanaobishana kuhusu sanaa ya aina hii hupenda kuuliza kama mchoraji ana haki ya kutumia nguo ya kabila lisilo lake. Mimi hilo halinisumbui sana. Armitage aliikuta lubugo kwenye soko la watalii Nairobi, imeshakuwa vikeka vya mezani, na akaipa hadhi kuliko sahani za moto. Fundi wa gome anaiuza, analipwa, ni biashara. Kilicho kigumu ni kile kisichouzwa: fedheha ya yule mwanamke. Rangi ya ngozi haimpi mchoraji ruhusa hiyo, wala kuzaliwa Nairobi. Naona kuwa mwenzetu kunamwongezea deni, kwa kuwa mgeni angeweza kusema hakujua lugha ya aibu yetu.

Na sisemi ni mtu asiyejua deni. London mwaka 2021 alitenga nafasi ndani ya onyesho lake kwa wachoraji sita wa Afrika Mashariki waliomtangulia, akiwemo Elimo Njau, Theresa Musoke na Jak Katarikawe. Mwaka 2020 alianzisha taasisi ya sanaa hapa hapa Nairobi, huku picha yake nyingine ikiwa imepigwa mnada mwaka uliotangulia kwa takriban dola milioni 1.5. Wachoraji wamekumbukwa. Mwanamke wa steji hana taasisi.

Hata hivyo singetaka picha ichomwe au ifichwe stoo. Wanaume wale wangefurahi sana tukisahau. Ningetaka iletwe Nairobi, itundikwe karibu na steji, mahali ambapo makanga wataipita kila siku na yeye mwenyewe anaweza kuifikia bila kulipa kiingilio. Pembeni kuwe na msumari, na kwenye msumari leso, ili atakayeona inafaa aifunike, na atakayetaka kuitazama alazimike kuifunua kwa mkono wake mwenyewe, mbele za watu.

Fundi wangu anasema leso atatoa yeye. Ila si mpya, anasema. Mpya bado ni ngumu, haishiki mwili vizuri.